Chuo na kiwanda cha chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uanagenzi

Majibu haya ni ya vijana, wazazi, wakufunzi wa vyuo na wenye viwanda vinavyosindika unga, maziwa, mafuta, sukari, juisi au samaki. Nimeegemea zaidi sheria na taratibu za Tanzania Bara, na nimevuka mpaka pale tu ambapo wenzetu wana jambo la kutufaa.

Uanagenzi si ndiyo hii fildi tunayoijua siku zote?

Hapana, ingawa wengi huvichanganya. Kwenye fildi mwanafunzi hupewa barua, akazunguka nayo kwenye mageti ya viwanda mpaka apate wa kumpokea. Kiwanda humpokea kwa hisani, na hakuna aliyekaa kupanga atajifunza nini. Akirudi chuoni huandika ripoti, na mara nyingi ripoti hiyo ndiyo inayompa maksi kuliko kile anachoweza kukifanya kwa mikono yake.

Uanagenzi huanzia kwingine. Chuo na kiwanda hukutana kabla ya mwanafunzi kuonekana, wakagawana kazi: hili litafundishwa darasani, hili karakana, hili kwenye laini ya uzalishaji. Mwanagenzi husaini mkataba, hupata posho, na huenda na kurudi kati ya chuo na kiwanda muda wote wa masomo. Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi mwaka 2017. Kabla ya hapo VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ilikuwa imeshaanzisha uanagenzi pacha, yaani wa chuo na kiwanda kwa pamoja, kwa kushirikiana na Chemba ya Ufundi ya Hamburg, Ujerumani, kwenye fani za magari, umeme na hoteli. Usindikaji wa chakula haukuwamo katika fani hizo za mwanzo, nami naona hilo ni pengo la kuzibwa mapema.

Kwa nini chakula kiwe na mpango wake? Fundi mitambo si ni fundi mitambo tu?

Kwa sababu kosa la kiwanda cha chakula huliwa. Fundi aliyefunzwa vizuri kwenye karakana ya kawaida anajua kubadilisha beringi na kupaka grisi. Akiingia kiwanda cha maziwa anatakiwa ajue pia kwamba si kila grisi inaruhusiwa mahali inapoweza kugusana na chakula, kwamba nati na boliti zote alizofungua lazima zihesabiwe kabla mtambo haujawashwa, na kwamba akimaliza kazi yake mtambo hauwezi kuanza mpaka usafishwe na kukaguliwa. Upande wa pili, mwanafunzi wa sayansi ya chakula anaweza kukueleza vizuri habari za bakteria lakini hajawahi kusikia sauti ya pampu inayokaribia kuharibika. Viwanda humhitaji mtu mwenye masikio ya fundi na mikono ya mpishi msafi, na mtu huyo hatengenezwi na chuo peke yake.

Chukua maziwa. Katika njia ya haraka ya upasteurishaji, yaani kupasha joto ili kuua vijidudu, maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kukaa kwenye joto hilo kwa sekunde 15. Hayo yote yanaandikika ubaoni kwa dakika moja. Lakini kwenye mtambo kuna vali inayogeuza maziwa na kuyarudisha nyuma pindi joto linaposhuka chini ya kiwango. Kijana asiyewahi kuiona ikigeuka, akasikia mlio wake na kuona mstari wa joto ukishuka kwenye chati, hataelewa kwa nini ni marufuku kabisa kuifunga kwa nguvu ili zamu itimize idadi ya pakiti. Jambo hilo hufundishwa palepale, mbele ya mtambo, na mtu aliyewahi kushawishiwa kuifunga na akakataa.

Au chukua mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu) yote kwa pamoja isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ilitupata sisi, Dodoma na Manyara. Ugumu wake ni kwamba haikai sawasawa: gunia moja laweza kuwa salama na lililo kando yake likawa limejaa sumu. Kwa hiyo kipimo cha maabara, hata kiwe cha gharama namna gani, hakisaidii ikiwa aliyechoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, alichoma magunia ya karibu na mlango tu wa lori. Namna ya kuchukua sampuli ni kazi ya jasho, ya kupanda juu ya shehena, na hujifunzwa kwenye lori lenye mahindi ya kweli huku dereva akilalamika kwamba anacheleweshwa.

Tangu Julai 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kuondolewa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mitaala na vitabu vya zamani ambavyo bado vinamtuma mwanafunzi TFDA vinahitaji kurekebishwa.

Nani anagharamia mafunzo haya?

Kwa sehemu, mwajiri ameshalipa. Sheria ya VETA ya mwaka 1994 ndiyo iliyoleta tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, SDL. Zamani ilikuwa asilimia 6 ya jumla ya mishahara, ikawa inapunguzwa kidogo kidogo, na Julai 2023 ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Tangu 2021 tozo huanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10. Awali ilianzia kwa wafanyakazi 4. Waajiri wa mashambani wamesamehewa kwa wafanyakazi wa kilimo chenyewe, lakini usindikaji hauhesabiki kuwa kilimo. Mwenye shamba la miwa ambaye ana kiwanda pia asijichanganye hapo.

Sehemu ya fedha hizo ndiyo inayoendesha VETA. Wenye viwanda wengi hunung'unika kwamba wanalipa na hawaoni kinachorudi, nami nawaelewa. Ila manung'uniko yana nguvu zaidi yakipelekwa chuoni pamoja na ombi lililoandikwa: tunataka vijana kadhaa wa kuendesha mitambo ya kufungasha, wenye ujuzi huu na huu, kufikia msimu ujao.

Kenya wana njia nyingine. Mwajiri hulipa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwenda Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kisha anaweza kuomba kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kiasi ni kidogo, lakini mwajiri anaona mlango wa kurudishia fedha, na hilo humpa sababu ya kupanga mafunzo mapema.

Gharama za kiwandani hubaki kwa kiwanda: posho, nguo za kazi, vipimo vya afya, chakula cha zamu, na muda wa mtu anayefundisha. Huo muda ndio ghali kuliko vyote na ndio husahaulika kwenye bajeti.

Mwanangu amepelekwa kiwandani na chuo, lakini kila siku anaosha na kufagia. Nimwondoe?

Usimwondoe bado. Kwanza ukubali jambo moja: katika kiwanda cha chakula, usafi ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mitambo ya maziwa na juisi husafishwa ikiwa imefungwa, kwa kupitisha maji, kisha dawa ya soda kali, kisha maji, kisha asidi, kisha maji tena, kila hatua na joto lake, nguvu yake na dakika zake. Soda huondoa mafuta na protini. Asidi huondoa chumvi za madini zinazoganda kwenye bomba. Anayeweza kuendesha mzunguko huo na kueleza kila hatua ana ujuzi wa kulipwa.

Kwa hiyo muulize maswali. Dawa unayotumia inaitwaje? Kwa nini soda hutangulia? Unajuaje kwamba dawa imeisha kwenye bomba kabla maziwa hayajaingia? Akijibu, anajifunza, hata kama anarudi nyumbani amechoka na ana harufu ya sabuni. Akisema "sijui, mimi nimeambiwa nifagie uwanja na kupanga kreti," basi ametumiwa kama kibarua asiye na ujira wa kibarua.

Hapo afungue kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo. Kila ukurasa uwe na kazi aliyofanya na saini ya aliyemfundisha. Kurasa zikiwa tupu au zikirudia neno moja, azipeleke kwa msimamizi wake wa kiwandani kwa adabu, akiomba ahamishiwe sehemu iliyoandikwa kwenye mpango. Kama hakuna mabadiliko, mratibu wa mafunzo wa chuo ndiye mwenye wajibu wa kwenda kiwandani. Mzazi ana haki ya kumpigia mratibu na kumuuliza mara ya mwisho alikwenda lini. Nakusihi usianze kwa kwenda getini kugombana. Kijana ndiye atakayebaki pale ndani.

Kiwanda kimemteua msimamizi wa zamu awe ndiye mkufunzi. Haitoshi?

Kumteua tu hakutoshi, na kama kuna jibu moja ningependa kila mwenye kiwanda alisome, ni hili. Nimeona mipango yenye hati nzuri, picha za viongozi wakisaini na karakana mpya ikishindwa kwa sababu moja: aliyepewa wanagenzi hakupunguziwa kazi nyingine. Msimamizi wa zamu anadaiwa tani. Mashine ikisimama anaitwa yeye, mteja akirudisha mzigo anaitwa yeye. Mwanagenzi anayeuliza "kwa nini" saa nne asubuhi anakuwa kikwazo, basi anatumwa akapange kreti. Msimamizi hana roho mbaya. Amepewa kazi mbili na muda wa moja.

Ujerumani, ambako uanagenzi una mizizi mirefu, mtu anayefundisha kazini hutakiwa kupita mtihani wa kuthibitisha kwamba anafaa kufundisha, mbali na kuijua kazi yake. Mwaka 2003 serikali yao ilisitisha sharti hilo ili kampuni nyingi zaidi zipokee wanagenzi. Wakalirudisha 2009, kwa sababu ya wasiwasi juu ya ubora wa mafunzo. Miaka sita ya nchi yenye uzoefu kama ule inatosha kutufundisha sisi tunaoanza.

Ninachoshauri: mkufunzi wa kiwandani atengewe saa zake kwa wiki, ziandikwe kwenye ratiba ya zamu, na malengo yake ya uzalishaji yapunguzwe kwa kiasi hicho. Apate mafunzo mafupi ya namna ya kuonyesha kazi, kumwacha kijana ajaribu, na kumsahihisha bila kumtukana. Alipwe kitu juu ya mshahara wake. Na asiwe na wanagenzi wengi kuliko anaoweza kuwasimamia kwa macho yake mwenyewe karibu na mashine inayozunguka.

Mimi nina kiwanda kidogo tu cha kusaga na kufungasha. Ushirikiano huu unanihusu?

Unakuhusu sana. Kiwanda kikubwa kina mitambo, lakini mwanagenzi anaweza kukaa miezi mingi kwenye kona moja ya kubandika lebo. Kwako ataona mahindi yanavyopokelewa, yanavyopimwa unyevu, yanavyokobolewa, kusagwa, kuongezwa virutubishi, kufungashwa na kuuzwa, na atamsikia mteja akilalamika.

Tatizo lako ni kwamba huna kila kitu. Dawa yake ni kuungana: viwanda vidogo kadhaa wilayani vinachukua wanagenzi kwa zamu, kimoja kikafundisha usagaji, kingine ukamuaji mafuta, kingine ufungashaji, na chuo kikaratibu zamu zote. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ambayo tayari inawajua wasindikaji wadogo, ni mahali pazuri pa kuwakutanishia, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo viko 54 nchini, viko karibu na watu kuliko vyuo vingi. Wajerumani hufanya hivyo pia. Watengenezaji wao wa pipi na chokoleti wana shule yao ya pamoja mjini Solingen tangu 1951, kwa sababu hakuna kampuni moja ndogo ingeweza kununua mashine zote za kufundishia.

Mkataba uandikwe nini ndani yake?

Pande tatu zisaini: chuo, kiwanda, na mwanagenzi, au mzazi wake pamoja naye ikiwa hajatimiza miaka 18. Yaandikwe majina ya sehemu za kiwanda atakazopitia na muda wa kila moja, jina la mkufunzi wa kiwandani, kiasi cha posho na tarehe ya kulipwa. Saa zisizidi zile za sheria ya ajira, yaani 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Iandikwe nani ananunua gambuti, kofia, glavu na kinga ya masikio, kwa sababu "atakuja navyo" husababisha kijana aingie na ndala. Iandikwe nani analipia vipimo vya afya vya mshika chakula. Na iandikwe wazi nani anawajibika akiumia: kiwanda kimemwingiza kwenye kumbukumbu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, au chuo kina bima? Msiliache swali hilo lijibiwe hospitalini.

Kwa vijana walio chini ya miaka 18 sheria inakataza kazi za hatari. Boila, vyumba vya amonia vya majokofu makubwa na kuingia ndani ya matangi si mahali pao. Wafundishwe kwa kuangalia.

Ongeza kifungu kimoja ambacho sikioni mara kwa mara: zamu za usiku. Ikiwa mwanagenzi atatoka usiku wa manane, usafiri wake uwe umepangwa. Mabinti wengi huacha mafunzo kwa sababu ya barabara ya kutoka kiwandani, wala si kwa sababu ya kazi.

Hapa nchini kuna mahali chuo na kiwanda vinaishi jirani?

Nenda Kidatu, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kipo Chuo cha Taifa cha Sukari, na kiwanda cha sukari cha Kilombero kiko jirani. Ujirani huo una somo kubwa juu ya kalenda. Kiwanda cha sukari husaga miwa kwa msimu na husimama mvua za masika zinapofunga mashamba. Wakati wa kusaga, mwanagenzi hujifunza kuendesha: kuchemsha, kupika sukari, kusoma geji, kulinda ubora saa 24. Kiwanda kikisimama, mafundi hufungua kila kitu. Rola za kinu hutolewa, mabomba ya vyombo vya kuvukizia hukwanguliwa, vali hufumuliwa mezani. Kwa mwanafunzi wa mitambo, huo ndio wakati wenye mavuno, maana anaona tumbo la mashine ambayo miezi yote aliiona kwa nje.

Sasa fikiria chuo kinachopeleka wanafunzi kwa kufuata likizo zake badala ya msimu wa kiwanda. Wanaotakiwa kuona usagaji wanafika mitambo imefunguliwa, na wanaotakiwa kuona ukarabati wanafika mitambo ikiunguruma bila kugusika. Hali ni hiyohiyo kwa korosho, alizeti, nyanya na maembe. Kalenda ya masomo ya chakula inapaswa kufuata shamba.

Ni kweli kuna Waswahili wanaofundishwa kazi za viwanda vya chakula Marekani?

Kuna wasemaji wa Kiswahili waliopita njia hiyo, hasa Wakongo. Mji wa Twin Falls, jimbo la Idaho, una chuo cha jamii kiitwacho College of Southern Idaho ambacho kwa miongo kadhaa kiliendesha pia kituo cha kupokea wakimbizi. Desemba 2012 kampuni ya Chobani, iliyoanzishwa na Hamdi Ulukaya kutoka Uturuki, ilifungua hapo kiwanda kikubwa sana cha mtindi, na chuo kikashiriki kuandaa wafanyakazi wake. Baadaye chuo kilijenga kituo cha mafunzo ya teknolojia kwa kuangalia viwanda vya chakula vya eneo hilo.

Kinachonigusa ni mpangilio wenyewe: mlango uleule uliompokea mgeni asiyejua Kiingereza ndio uliomfundisha lugha na kumfikisha kwenye mafunzo ya kazi. Kama una ndugu huko anayetafuta njia ya kutoka kwenye kibarua cha kufungasha kwenda kuendesha au kukarabati mitambo, mwambie aanze kwa kuulizia chuo cha jamii cha mahali anapoishi, na aulize kama kuna uanagenzi uliosajiliwa. Marekani ina sheria ya uanagenzi tangu 1937, na uliosajiliwa humlipa mtu mshahara akiwa anajifunza, na mshahara hupanda kadiri ujuzi unavyopanda.

Nikimfundisha, si atahamia kwa mshindani wangu?

Wengine watahama. Lakini angalia aliyebaki bila kufundishwa: yeye yupo, na anaendesha mtambo wako. Hesabu maziwa yaliyomwagwa, pakiti zilizorudishwa, na saa mashine ilizosimama ikisubiri fundi kutoka Dar es Salaam. Mtu huhama zaidi akimaliza mafunzo na kukuta mshahara wake ni uleule wa kibarua. Mwonyesheni tangu siku ya kwanza ngazi inayofuata na ujira wake.

Nina mfanyakazi wa miaka mingi, hodari, hana cheti. Aanze darasa la kwanza la ufundi?

Hapana. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hupimwa anachojua, huzibwa mapengo yake, na akifaulu hupewa cheti. Watu hawa pia ndio hazina ya kwanza ya wakufunzi wa kiwandani. Mwenye cheti cha tuzo ya taifa ya ufundi stadi anaweza kuendelea kupanda, na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ndiyo inayosimamia sifa hizo pamoja na zile za vyuo vya kati.

Mimi ni mkuu wa chuo na sina makubaliano na kiwanda chochote. Nianzie wapi?

Usianze na hati ya makubaliano. Omba ruhusa uwapeleke wakufunzi wako wawili kiwandani, wavae gambuti, wakae zamu nzima kwenye laini, mchana na usiku. Wakirudi wataje kazi ambazo wanafunzi wako hawawezi kuzifanya leo. Peleka orodha hiyo kwa meneja uzalishaji, umuulize ipi inamuuma zaidi, kisha ombeni kuanza na hiyo moja, kwa wanagenzi wachache na mkufunzi mmoja aliyetengewa saa. Mkutane naye tena msimu ukiisha, mkiwa na vitabu vya kumbukumbu za wanagenzi mezani, ndipo mwandike hati.